Kochi la Rax Bedoyan

Rax Bedoyan ni fundi bomba hodari. Naanza na hilo asije mtu akasema sina jema la kumsema. Ukimwita akuzibulie sinki anafika saa aliyokwambia, anavua viatu mlangoni, na bomba alilolikaza yeye halivuji mpaka nyumba ibomolewe. Jema lake ni hilo na limeishia hapo. Yaliyobaki ni mdomo.

Jina lake kamili ni Araxie. Kazaliwa Glendale kwa Waarmenia, baba yake alikuwa mshona viatu. Sasa ana miaka hamsini na moja na anakaa Echo Park, juu ya kile kilima chenye ngazi, katika nyumba ya mbao ya rangi ya njano. Nusu ya njano hiyo niliipaka mimi. Niliishi naye miaka tisa. Tulihamia pamoja wiki ya pili baada ya kujuana, kama ilivyo kawaida yetu: wiki ya kwanza mnakunywa kahawa, wiki ya pili mnakodi lori.

Mwaka wa tisa akapata mpiga ngoma. Huyo mpiga ngoma alijiita Juniper, jina la mti, na alikuwa akifundisha wanawake wazima kupiga ngoma ili watoe hasira zao. Rax hakuwa na hasira yoyote, lakini alikwenda. Mimi niliyekuja kuwa na hasira sikualikwa.

Kwetu sisi wanawake tunaopenda wanawake, ukiachwa huondoki. Wenzetu wakiachwa hurudi kwao wakalia, kisha wakampata mwingine huko mbali. Sisi twende wapi? Mji huu wa Los Angeles hauna mwisho, lakini sisi tunajuana wote, na kila mmoja ama alikuwa na fulani ama yuko na aliyekuwa wa fulani. Basi aliyeachwa hubaki. Anaitwa rafiki. Anaalikwa siku za kuzaliwa, anaachiwa mbwa amlishe, mwenye mbwa akisafiri na mpenzi mpya. Wenzangu wanasema huo ndio ukomavu. Mimi sikusoma, niliacha shule Oildale nikiwa na miaka kumi na minne, lakini uhaba naujua nikiuona.

Ukitaka kujua mambo hayo yanavyokwenda, tazama kochi la Rax. Ni kochi la kijani, refu, linatazama televisheni. Katikati anakaa Rax na rimoti yake. Kulia kwake, pale palipobonyea vizuri, anakaa mpenzi wa wakati huo. Miaka tisa palikuwa pangu. Shimo lile ni umbo langu. Alipokuja Juniper nikasogezwa mwisho wa kochi, karibu na taa. Juniper alipokimbilia jangwani na mwanafunzi wake mmoja, nilidhani nitarudi mahali pangu. Pakakaa mbwa. Na alipokuja mpenzi mwingine, Yesenia, mbwa akasogezwa karibu na taa, mimi nikapewa stuli kwenye mlango wa jikoni. Sikulalamika. Kutoka pale nilikuwa naona televisheni, naona oveni, na namwona Rax.

Tulikuwa tunakusanyika kila Jumapili kwa ajili ya tamthilia. Ilionyeshwa kwenye chaneli ya kulipia, na kati yetu wote Rax peke yake ndiye aliyekuwa nayo. Ilikuwa tamthilia ya wanawake marafiki, wapenzi wa wanawake, wa mji huu huu wetu. Tulikuwa hatujawahi kujiona kwenye televisheni ila tukifa au tukiua, kwa hiyo tuliipokea kama mvua. Lakini jamani! Wanawake wale walikuwa wembamba kama sindano zangu. Kila mmoja ana nyumba yenye bwawa la kuogelea na hakuna hata mmoja anayekwenda kazini. Wanaamka na wanja machoni. Wanakutana duka la maua saa nne asubuhi, siku ya kazi, wanaulizana nani kalala na nani, na jibu siku zote ni wote. Hapo tu ndipo walipopatia maisha yetu.

"Yule hawezi kuwa mmoja wetu," alikuwa akisema Bev Okimoto, aliyebeba mifuko ya posta miaka thelathini mpaka magoti yakamwisha. "Tazama kucha zake. Na zile kucha atafanya nini na mtu?"

"Nyamaza, Bev, watu tunasikiliza."

"Nasema tu. Nina wasiwasi naye."

Mimi nilikuwa nakuja na sinia la majani ya mzabibu, yale yanayokunjwa na wali na nyama ndani yake. Alinifundisha mama yake Rax, Mungu amrehemu, ambaye hakuwahi kunitaja kuwa ni nani wa binti yake, lakini alinishika vidole akanionyesha jinsi ya kukunja hadi jani lisifumuke. Kila Jumapili nayakunja mimi, nayabeba mimi, nayapasha moto mimi. Na kila akija mgeni Rax humsogezea sinia na kusema, "Onja, hii ni ya ukoo wetu."

Sasa nifike kwenye uongo wenyewe. Ingawa siwezi kuuita uongo, maana Rax aliuamini.

Mwaka ule Juniper alipoondoka, Rax aliitwa kutengeneza tangi la maji moto katika nyumba moja huko vilimani Los Feliz. Mwenye nyumba akawa Maren Fitch, mmoja wa wanaoiandika ile tamthilia. Rax alirudi amewaka uso.

"Tumezungumza masaa matatu," akatwambia. "Masaa matatu! Alikuwa anaandika kila ninachosema. Kila neno."

Mwaka uliofuata akatokea mtu mpya kwenye tamthilia, jina lake Cass. Cass alikuwa na pikipiki, koti la ngozi, na njiti ya kiberiti pembeni mwa mdomo. Wanawake walianguka mbele yake kama nguo zilizokatika kamba. Rax naye hutafuna njiti ya kiberiti, tangu alipoacha sigara. Basi yakawa hayo. Rax akaweka miguu juu ya meza, akasema polepole, kama mtu anayeona haya:

"Sipendi kujisifu. Lakini mnaona wenyewe."

Tuliona mwanamke anayekaribia miaka hamsini, futi tano na inchi moja, mwenye gari lililochorwa bomba linalocheka. Lakini nani atamvunjia mwenzake moyo, tena mwenye televisheni?

Mimi ni mshonaji. Napokea nguo za kupunguza na kurefusha, nyingine zinatoka kwenye vyumba vya mavazi vya watu wa televisheni, na hao wa tamthilia yetu walikuwa wateja wangu. Miezi michache baada ya Cass kutokea nililetewa ovaroli ya bluu. Imebanwa kikaratasi kwa pini. Kusoma kwangu ni kwa taratibu, lakini kikaratasi kile nilikisoma mara nne. Kiliandikwa: fundi bomba anayeropoka, kiuno kiachwe kikubwa, ilegee nyuma akiinama, ana njiti mdomoni, amevua viatu mlangoni, soksi hazifanani.

Rax hajawahi kuvaa soksi zinazofanana. Huzichomoa tu kwenye droo kama anacheza bahati nasibu. Najua, nilizitia viraka miaka tisa.

Kipande chenyewe kikaja Jumapili moja, hakikufika hata dakika. Wapenzi wawili wako jikoni, wanataka kugombana kwa raha zao. Chini ya sinki imetokeza miguu miwili yenye soksi, moja nyekundu, moja ya mistari, na sauti isiyokoma. Inasimulia habari za kutu. Inasimulia mbwa. Inasimulia mama yake. Mpenzi mmoja anatoka kwa kunyata, wa pili anafuata, na sauti inaendelea jikoni kutupu. Basi.

Kochi zima lilicheka. Aliyecheka kuliko wote alikuwa Rax, akijipiga mapajani, miguu yake juu ya meza, soksi moja ya kijani na moja ya kijivu.

"Wapo!" akasema huku anajifuta machozi. "Wallahi mafundi kama hao wapo! Mtu anakufanyia kazi ya dakika kumi, anaongea mpaka jua linazama!"

Nilikaa pale mwisho wa kochi, karibu na taa, nikatazama zile soksi, nikanyamaza. Nilinyamaza zaidi ya miaka miwili. Watu watauliza kwa nini. Mtu uliyenyang'anywa kila kitu, hata shimo la kochi, ukipata kimoja kilicho chako huwi na haraka ya kukitoa.

Yesenia Olmos aliletwa na Bev. Ana miaka thelathini na mbili, anafanya kazi kwa daktari wa mbwa, na alikuwa na picha ya Cass kwenye simu yake. Alipoambiwa kwamba Cass mwenyewe ndiye huyu hapa mwenye rimoti, alifunika mdomo kwa mikono miwili. Wiki ya pili lori likapanda kilima.

Sina ugomvi na mtoto wa watu. Lakini hakumpenda Rax. Alimpenda Cass, na Rax alikuwa kama koti alilolivaa Cass. Rax alilijua hilo, ndiyo maana alianza kutembea kwa kuyumbisha mabega, akanunua koti la ngozi, akawa anatoka jasho kama jibini juani. Kila Jumapili alirudia hadithi ya Los Feliz, na kila Jumapili masaa matatu yaliongezeka utamu.

Kisha tukasikia tamthilia inamalizika. Kipindi cha mwisho kabisa, Machi. Na Bev akaleta habari: Maren Fitch siku hizi yuko na Doreen, na Doreen aliwahi kuwa wa Bev, kwa hiyo Maren atakuja kutazama nasi. Mnaona jinsi mambo yetu yalivyo.

Rax alinivuta jikoni. Akatoa kisanduku kidogo mfukoni, ndani yake pete.

"Jumapili, kikiisha kipindi," akaninong'oneza. "Maren atasema mbele ya watu wote kwamba Cass ni mimi, halafu mimi hapo hapo napiga goti. Unaonaje, Twyla?"

"Goti lipi? La kushoto ni bovu."

"Nitapiga la kulia. Niambie ukweli, ni wazo zuri?"

"Miaka tisa, Rax," nikamwambia. "Mimi hata pete ya bomba hukunivisha."

"Ah, wewe! Wewe na mimi tulikuwa hatuhitaji mambo hayo."

Alisema "tulikuwa". Kesho yake nilikwenda chumba cha mavazi. Walikuwa wanagawa na kutupa, mambo yameisha. Niliomba kitu kimoja tu, wakanipa bila hata kuuliza. Jumapili niliikunja ile ovaroli, kikaratasi kikiwa bado kimebanwa, nikaitia kwenye mfuko, nikaweka sinia juu yake, nikapanda ngazi zile mia moja na kitu. Nilijua nitaitoa wakati gani. Rax akishapiga goti.

Maren Fitch alikuwa mwanamke mrefu, mchovu, mpole, mwenye miwani kichwani na mingine machoni. Rax alimshika mkono akauchezesha kama mpini wa pampu.

"Unanikumbuka?"

"Samahani, nimekutana na watu wengi…"

"Tangi la maji moto! Los Feliz! Masaa matatu!" Akaisogeza njiti kutoka pembe moja ya mdomo hadi nyingine.

"Ah," akasema Maren. "Ndiyo, ndiyo. Bila shaka." Watu wa televisheni wanasema hivyo hata kwa mti.

"Mmesikia?" Rax akageukia kochi. "Basi waambie. Waambie Cass ulimtoa kwa nani."

"Cass?" Maren akatabasamu, amefurahi kuulizwa. "Cass ni kaka yangu Torvald. Nilichofanya ni kumgeuza mwanamke tu. Pikipiki, njiti, wanawake, kila kitu ni Torvald. Sasa hivi anauza mazulia."

Yesenia alimgeukia Rax polepole. Rax alifungua mdomo, na ukimjua Rax utajua maana ya mdomo ule kufunguka na usitoke hata upepo. Mkono wangu ulikuwa tayari ndani ya mfuko. Sikuhitaji hata kungoja goti.

"Kuna kitu kinavuja jikoni," Rax akasema.

Hakuna kitu kinachovuja kwa Rax. Alinipita kwenye stuli bila kunitazama, akalala sakafuni, akajisukuma chini ya sinki na kufunga mlango wa kabati kadiri mapaja yake yalivyoruhusu. Tukasikia spana. Halafu tukasikia maneno.

"Ni hizi nati za siku hizi," yakasema maneno yale kutoka kabatini. "Zamani nati ilikuwa nati. Nilimwambia marehemu mama, nikamwambia mama, kutu haiji siku moja, kutu ni kama mtu anayekuchukia moyoni…"

Maren alikuwa amesimama nyuma yangu na glasi yake. Akashusha miwani ya kichwani juu ya ile ya machoni. Akatazama miguu. Leo ilikuwa soksi ya njano na ya zambarau.

"Mungu wangu," akasema. "Ni wewe! Ni yule fundi bomba!"

Spana ikanyamaza.

"Fundi yupi?" akauliza Bev, lakini alikuwa ameshajua, maana alianza kutikisika mabega.

"Wa kipande cha sinki! Sikumtambua akiwa amesimama, ila sauti hii!" Maren aligeukia watu wote wakati huo, anaeleza kwa furaha kama msichana. "Alikuja kwangu asubuhi moja. Hakunyamaza. Na alikuwa analia, maskini, analia huku anakaza bomba. Masaa matatu habari ya mwanamke mmoja, mshonaji. Aliishi naye miaka tisa akamwacha kwa ajili ya mpiga ngoma. Anasema mshonaji huyo alikuwa anamtilia viraka soksi zake na yeye akidhani soksi zinajitengeneza zenyewe. Niliandika kurasa ishirini!"

"Na zikawaje?" Niliuliza mimi.

"Tulizikata. Wenzangu walisema hakuna atakayeamini, na tena haichekeshi. Tukabakiza soksi."

Kila mtu alitazama stuli. Mimi nilitazama miguu.

"Rax, toka humo."

"Nafanya kazi."

"Hakuna kinachovuja."

"Kitavuja."

"Masaa matatu," nikamwambia. "Mtu usiyemjua, mwenye tangi bovu, ulimpa masaa matatu na machozi juu yake. Mimi ulinipa nini? Kikaratasi cha kwaheri kwenye friji, chini ya sumaku ya duka la pizza."

"Nilikuwa sijui niseme nini, Twyla."

"Ulijua. Ulikuwa na kurasa ishirini."

Nikaitoa ovaroli. Niliiinua juu waione wote, na kikaratasi nikakisoma kwa sauti, polepole kama nisomavyo, neno kwa neno, mpaka kwenye soksi. Nilitaka Yesenia asikie vizuri anaishi na nini. Nikamaliza, nikangoja.

Yesenia alikuwa amefunika mdomo kwa mikono miwili, kama ile siku ya kwanza. Nilidhani analia.

"Yule fundi?" akasema. "Yule fundi? Jamani, yule ndiye nampenda kuliko wote! Mama yangu hajui Kiingereza, hataki kuwaona hawa watu wa tamthilia kabisa, lakini kipande kile tumekirudia mara mia! Anamwita Bi Kutu!" Akapiga magoti yote mawili, mazima, akaivuta ile miguu kwa soksi. "Toka nje, Bi Kutu! Toka nikuone!"

Rax akatoka na utandu wa buibui kwenye nywele, na kwa vile alikuwa tayari sakafuni, pete akaitoa hapo hapo. Yesenia aliivaa, kisha akaninyang'anya ovaroli mikononi akaivaa nayo, juu ya gauni. Ilimkaa vizuri. Pindo langu lilikuwa limenyooka.

Tukakaa kutazama. "Twyla, kaa hapa leo," Rax akasema, na akamwondoa mbwa pale karibu na taa. Nilikaa, kwa sababu mgongo ulikuwa unaniuma. Kwenye kipindi cha mwisho Cass alipanda pikipiki akaondoka, hakuna anayejua kwenda wapi. Rax alilia kuliko wote, ungedhani Torvald ni kaka yake.

Sinia likapita. Maren alikula la kwanza, akala la pili, akafumba macho.

"Haya ni matamu ajabu. Nani kayakunja?"

Rax alikuwa na mdomo umejaa, na macho bado mekundu kwa machozi.

"Onja na jingine," akasema. "Hii ni ya ukoo wetu."

Nilisimama. Nikalichukua sinia kutoka mapajani mwa Maren Fitch, yakiwa yamebaki majani kumi na saba, nikalifunika, nikatoka. Niliyala mwenyewe kwenye ngazi, nikiwa nimekaa, mpaka la mwisho.

Jumapili iliyofuata, saa kumi na moja jioni, simu ikalia.

"Mbona hufiki?" akauliza Rax. "Tunakungoja."

"Nije kutazama nini?"

Nikasikia mbwa anabweka, na Yesenia anacheka na mtu. Nilishika simu muda mrefu, nikamsikiliza asivyosema kitu, kisha nikarudi kwenye cherehani.